Mtumbwi wa Mtumba: Rada ya Kununua na Kuziba, Kasongo hadi Kabambare

Wasee wa Kasongo na Kabambare, na nyinyi mliotoka huko mkaangukia Goma, Kigoma ama Kayole, kaeni rada. Kuna zile video za jetski zinazunguka kwa simu za mayut kila wikendi. Chali amepiga luku, anakata mawimbi pale Nyali, Mombasa, manzi amemshika kiuno, maji inaruka nyuma hadi juu. Kitaa nzima inameza mate. Mimi pia nameza, sitadanganya. Lakini leta hiyo mashine kwa mto wetu, Lualaba, uone sinema. Jetski haina helisi inazunguka nje. Inafyonza maji kwa tundu iko chini ya tumbo, inapitisha kwa pampu, inatema nyuma kwa nguvu. Pahali maji ni safi na iko na kina, raha mustarehe. Pahali maji inakufika magoti na chini ni mchanga, pampu inafyonza mchanga na kuanza kujisaga yenyewe. Na spea utatoa wapi? Sokoni Kasongo utapata mchele, mawese, sombe na chumvi. Pampu ya jetski, sahau.

Basi tubonge ukweli. Chombo ya msee huku kwetu ni piroge, yaani mtumbwi. Unavua nayo, unavuka nayo, unabebea mathe mchele hadi ng'ambo, na jioni unampeleka mtu wako matembezi mkicheki viboko kutoka mbali, mbali sana. Mfuko ikiwa na uzito unapachika hobodi, yaani moteri ya nyuma, na hapo mto mzima unakusalimia. Ni nduthi ya maji, na vile nduthi iko, wengi hawanunui mpya. Wananunua mtumba.

Hapo ndipo mayut wanaoshwa. Anaenda rive, yaani ukingoni mwa mto, anaona piroge imepakwa rangi ya timu yake, imeandikwa jina ya Mungu ubavuni, moteri inanguruma, anatoboka feza yote ya mchele. Wiki mbili baadaye anakunywa chai na mkono moja, mkono ingine inachota maji kwa piroge. Masta, rangi ni ya sokoni, moteri inaweza kubadilishwa. Pesa yako iko kwa tumbo. Tumbo ikiwa imekwisha, umenunua kuni.

HAWA WATU WALISOTA PIA

Kusaka mtumbwi kwa hii mto haijaanza na wewe. Livingstone, yule msafiri Mzungu, alikwama Kabambare mwaka 1870, yeye aliandika Bambarre, miguu imejaa vidonda, hawezi kutembea. Machi 1871 akafika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, si mbali na Kasongo. Alitaka kitu moja: mitumbwi ya kushuka na mto ajue inamwaga wapi. Wenye mitumbwi walikuwa Wagenya, watu wa maji tangu mababu, na walimkazia kabisa. Miezi ikapita, bei ikapigwa, ahadi zikatolewa, mtumbwi hakuna. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa wafanyabiashara wa utumwa wakamimina risasi kwa soko ya Nyangwe. Mamia wakadedi, wengi ndani ya maji wakikimbilia mitumbwi. Mzee akageuza, akarudi Ujiji mikono mitupu.

Mwaka 1874 akaja Cameron, msafiri mwingine Mzungu, Nyangwe hiyo hiyo, swali hiyo hiyo, jibu hiyo hiyo. Ikabidi aendelee kwa miguu hadi akatokea pwani ya Angola. Stanley, wa tatu wao, alipofika 1876 na kupatana na Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alikuwa amechanuka tayari. Alikuja na boti yake mwenyewe, Lady Alice, futi 40, imejengwa Teddington pembeni ya mto Thames, inafunguliwa vipande vipande na kubebwa kwa mabega ya watu. Hata hivyo haikumtosha. Huko chini ya mto wakachukua mitumbwi ya wenyeji, mingine kwa nguvu. Na Lady Alice yenyewe ilimalizia juu ya miamba karibu na maporomoko ya Isangila, 1877, imechoka.

Nawapa hiyo historia kwa sababu moja. Msee wa mto haachilii mtumbwi fiti hivi hivi. Miaka 150 imepita na tabia ni ile ile. Kwa hivyo ukikuta moja inauzwa, swali ya kwanza kabla ya bei ni: papa, mbona unaiuza?

MAJIBU NA MAANA YAKE

Majibu mengine ni safi. Kijana anahepa kwenda Salamabila kutafuta dhahabu, anahitaji nauli. Mzee mgongo umekataa kasia. Familia inatafuta mahari. Hapo unaweza kuketi chini mkaongea.

Jibu la kukufanya ustuke ni hili: "Ilikuwa ya marehemu." Pole kwanza, heshima kwanza. Halafu uliza ndugu wako wangapi na kama wote wanajua. Piroge ya urithi ikiuzwa na mmoja, wengine wanne watakungoja rive na mapanga. Ita shefu wa lokalite, wakae wote, waandike karatasi, mashuhuda watie sahihi. Karatasi ikionyesha urefu wa piroge, aina ya mti na alama zake, mtu hatakuja kesho kusema hiyo ni yake.

Na kuna lile jibu la "nataka tu kununua kubwa kuliko hii." Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa hii imeanza kunywa maji. Sasa toa macho.

CHEKI TUMBO, MSEE

Githaa ya kununua ni kiangazi, kuanzia mwezi wa sita. Mto inashuka, piroge inakaa kwa mchanga, mbao inakauka na kila ufa inafunguka ikuonyeshe meno. Wakati wa mvua piroge inaelea siku nzima, mbao inanyonya maji na kuvimba, nyufa ndogo zinajifunga, na muuzaji anakuapia haijawahi kuvuja. Haongopi. Wewe ndio umekuja wakati mbaya. Akikuonyesha iko majini, omba muitoe nje, muipindue, kisha urudi baada ya siku kadhaa. Akikataa, umepata jibu bila kulipa.

Ikiwa imepinduliwa, anza na mti. Mvule, ile wenye mbao wa Kongo wanaita kambala, ndio inapendwa, kwa sababu maji na mchwa vinaihangaikia muda mrefu. Mti laini ni wepesi kuchonga na ni wepesi kuoza. Gonga tumbo yote na kipini ya panga, kutoka omo hadi tezi. Mbao nzima inajibu kwa sauti kali. Mbao imeoza inajibu kwa sauti imekufa, bubu. Pale imejibu bubu, sukuma ncha ya kisu. Ikiingia bila kubishana, hiyo sehemu imeenda.

Sasa cheki kusuguliwa. Hii ndio ugonjwa mkubwa ya piroge ya Kasongo na Kabambare, na watu wengi hawaijui. Kila siku unaikokota juu ya mchanga kuishusha, unaikokota tena kuipandisha. Kwa Luama ni mbaya zaidi, sababu hiyo mto inatoka milimani upande wa Tanganyika, iko na mawe, na kiangazi unaipitisha piroge juu ya mawe kwa kusukuma na upondo. Miaka ikienda, chini panakuwa pembamba na juu panabaki panene. Kwa macho huoni kitu. Dawa ni kuomba muuzaji akuruhusu utoboe tundu ndogo kwa msumari moto pale katikati ya tumbo, upime unene na kijiti, halafu unaziba na kigingi ya mti. Wachongaji wenyewe hupima hivyo wakati wanachonga, kwa hivyo papa hatashangaa. Ukikuta kijiti inaingia upana wa kidole moja tu, ongeza swali juu ya bei.

Mwisho tazama ncha mbili. Piroge inapasukanga kuanzia omo na tezi, kwa sababu huko mishipa ya mti imekatwa na inakauka haraka. Ufa ya urefu wa kiganja sio noma. Ufa inatembea kutoka ncha hadi pale unapoketi, hiyo acha mwenyewe abaki nayo. Na ukiona kiraka ya tole, yaani bati, usiogope kiraka. Ogopa kiraka juu ya kiraka.

Neno moja kwa wale wanaoletewa piroge kutoka mbali. Lualaba haipitiki yote. Kutoka Kasongo hadi Kibombo unaweza kusafiri kama kilomita 110, halafu maporomoko inakatiza njia hadi Kindu, kisha mto inafunguka tena zaidi ya kilomita 300 hadi Ubundu. Kwa upande wa juu, ukipanda mto kabla ya kufika Kongolo, kuna lile korongo la Milango ya Jehanamu, na jina yake sio mzaha. Ndio sababu Wabelgiji walijenga reli ya Kindu hadi Kongolo na kuifungua 1911. Kwa hivyo piroge ya Kindu haikuji Kasongo ikielea njia yote. Inabebwa na lori ama treni, inapigwa jua, inarushwa rushwa. Icheki upya ikishashushwa, hata kama rafiki yako aliicheki huko.

KUZIBA: WERA YA MIKONO

Umenunua. Sasa tuingie gereji, yaani chini ya mwembe. Chini ya mwembe kwa maana kamili: kivuli. Ukiianika kwa jua kali ikauke haraka, utaongeza nyufa tano juu ya zile ulikuta. Ipindue juu ya magogo mawili, hewa ipite chini, iache ipumue. Kwangua masizi ya kale, majani ya maji na lami ya zamani hadi uone rangi ya mti.

Ufa kwanza. Tafuta pale ufa inaishia na utoboe katundu kadogo hapo mwisho, kisha ukapigie kigingi. Hiyo inaikataza kutembea mbele. Halafu kalafati. Pwani mafundi wa majahazi hutumia pamba na mafuta, huku tunatumia kile kiko: nyuzi za mti, vitambaa vya pamba, vimelowa lami moto ama utomvu. Sukuma ndani na patasi butu, polepole, tabaka juu ya tabaka, usijaze hadi mdomo. Mbao itavimba ikirudi majini na itahitaji nafasi. Hapa ndipo watu wa simenti wanakosea. Simenti inakauka ngumu, mbao inavimba, mmoja lazima aondoke. Simenti inaruka nje, na wakati mwingine inapanua ufa ikitoka.

Pale pameoza, usipake kitu juu. Kata yote hadi ufike kwa mti mzima, hata kama shimo inakutisha. Chonga kipande ya mti wa aina ile ile, mishipa yake ielekee njia moja na ya piroge, ikae ndani imebana, ipigilie vigingi kisha kalafati pembeni. Ukiacha kipande ya kuoza ukubwa wa kucha, itakula jirani zake chini ya kiraka na hutaona hadi uko katikati ya mto.

Kiraka ya tole inakuja mwisho. Chukua bati ya pipa ama debe, kata pembe ziwe duara kwa sababu pembe kali inanasa mchanga na kuinuka. Weka kipande ya mpira wa tairi la ndani ya kinga, yaani baiskeli, kati ya bati na mbao, umepaka lami pande mbili. Misumari iwe karibu karibu, na ikiwezekana iwe ile imepakwa zinki. Msumari wa kawaida unapata kutu, kutu inakula mbao kuzunguka msumari, kisha msumari unaanza kucheza. Ikitokeza ndani, ipinde ncha ilale, mguu wako utakushukuru.

Na ule ugonjwa wa kusuguliwa? Ivalishe kiatu. Pigilia ubao mwembamba mgumu katikati chini, kutoka omo hadi tezi, ama kipande ndefu ya tairi ya lori. Wacha mchanga ikule kiatu, tumbo ipone. Kiatu ikiisha unabadilisha kwa asubuhi moja. Hiki ni kitu kidogo, na ndicho kinatenganisha piroge ya miaka michache na piroge utaachia mtoto.

Kupima, usikimbilie mtoni. Igeuze, mimina maji ndani, tembea nje ukitazama wapi panatoa jasho. Weka alama na makaa, kausha, rudia hapo. Ikishakubali, iache ielee usiku mzima imefungwa. Asubuhi ikiwa na vijiko vichache vya maji, hiyo ni kawaida, mbao bado inavimba. Ikiwa na ndoo, rudi mwembeni. Na kuanzia siku hiyo, ukiwa hutumii kwa muda, izamishe pembeni kwenye maji kidogo kama wavuvi wazee wanavyofanya. Piroge inapasuka ikikaa kavu.

Wewe uko Mombasa ama Dubai na jetski yako, usicheke. Ugonjwa wako ni huu huu. Ukiipandisha kwa mchanga kila siku, uti wa tumbo unachubuka, ile ngozi ya juu inaisha na nyuzi za glasi zinaonekana. Hapo maji inaanza kunyonywa ndani. Kausha kwanza, piga msasa hadi pazima, weka kitambaa ya nyuzi na gundi yake kwa kipimo imeandikwa kwa kopo, kisha ngozi mpya juu. Ukiziba ikiwa mbichi, umefungia maji ndani.

HOBODI YA MTUMBA

Mto wetu unajua Yamaha Enduro, ile ya farasi 15 na ile ya 40, kwa sababu fundi yeyote anaifungua na kuifunga. Ukienda kuicheki, fika mapema kabla muuzaji hajaipasha moto. Moteri imechoka inawaka vizuri ikiwa moto, na baridi inakutesa na kamba. Ikiwaka, tazama kama inakojoa. Ule mkojo wa maji nyuma ndio dalili maji ya kupoza inazunguka. Ukikauka, kichwa kinaungua. Fungua skrubu ya oili ya gia chini: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji imeingia. Toa buji, ile plagi ya moto, icheki. Shika helisi, itikise, isiwe na mchezo.

Pima pia urefu wa mguu. Kuna mguu mfupi, inchi 15, na mrefu, inchi 20. Mguu mrefu kwa piroge ya chini utakwaruza kila kisiwa ya mchanga. Kuhusu mafuta, kwa nyingi ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za esansi, yaani petroli, lakini fuata kile kitabu ya moteri yako inasema, sio kile msee wa esansi anasema. Na usifunge hobodi kwa tezi bila kuongeza ubao mnene wa kuibeba. Mtetemo wa moteri unafungua kila kitu uliziba wiki jana.

USIJIFANYE SUPASTAA

Mambo ya mwisho haina luku lakini lazima. Pitia komisariati ya mto uandikishe chombo yako, hasa ikiwa na moteri na unabeba watu. Nunua jile ya kuokoa kabla ya spika ya muziki. Usisafiri usiku. Usijaze watu hadi ukingo wa piroge unabusu maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Goma, karibu na bandari ya Kituku, watu wakiwa wanaiona kwa macho kutoka ufukweni, imejaa kupita kiasi. Hiyo ilikuwa ziwa tulivu. Mto wetu uko na mkondo, mawe, viboko na mamba, na wote hawajali umeandika nini ubavuni.

Neno langu kwa mayut wa Kasongo na Kabambare: kama uko na feza ya kitu moja tu, nunua tumbo nzima na kasia, moteri itakuja. Kama hauna feza kabisa, nenda rive ukae na mzee anayeziba mitumbwi, umshikie patasi, umchemshie lami, uangalie mikono yake. Piroge ni nyingi, mchanga haulali, na wazee wanaojua kalafati wanapungua. Kiangazi ikija, yule anayejua kuziba atapangiwa foleni.